Jogoo wa Aliyeua Mbogo

Mbogo mmoja amekufa barazani kwangu mara nyingi kuliko kuku wote wa kambi yetu ya Kabazana. Ameuawa kwa mkuki, ameuawa na mbwa, siku nyingine ameuawa kwa kukodolewa macho tu. Wauaji wake ni watatu, na kila mmoja anaapa kwa jina la mama yake kwamba ni yeye peke yake. Wanakuja baada ya chakula cha mchana, wanavua viatu, wanakaa kwenye mkeka wangu chini ya turubai, wanakunywa chai yangu, na mnyama wa watu anaanza kufa upya.

Wa kwanza ni Wilondja, mwenye ndevu nyeupe na sauti ya mhubiri. Yeye anasema mbogo ni wake kwa sababu mkuki ulikuwa wake. Wa pili ni Ushindi, mwembamba, hawezi kusimulia bila kubweka, kwa sababu hoja yake yote imesimama juu ya mbwa wake. Wa tatu ni Anselme. Huyo siwezi kumfukuza, maana ni mume wangu.

Mimi ni Viviane, Mama Grâce kwa majirani. Nalima maharage na nyanya, na mvua ikikataa nakaanga mandazi. Sina ugomvi na wanaume wanaopiga soga. Kinachonichemsha ni kwamba wawindaji hawa, tangu tufike Uganda, hawajaua hata panya, na hilo silisemi kwa kutukana. Mwezi uliopita panya aliingia kwenye gunia langu la maharage. Nikawaita wote watatu, maana walikuwa hapo hapo barazani wakiwinda. Wilondja akasema panya si mnyama wa hadhi yake. Ushindi akasema siku hizi hana mbwa. Anselme alikuwa ameshapanda juu ya kiti. Panya nilimuua mwenyewe kwa mwiko, nikauosha, nikaendelea kusonga bugali.

Hata hivyo naelewa kinachowaleta. Hapa kambini mwanaume anapewa kila kitu: kadi, namba, turubai, kipande cha shamba, na siku ya kwenda kubonyeza kidole. Anapewa hata foleni ya kusimama. Hakuna kitu anachokitazama akasema, hiki nilikitoa mimi porini kwa nguvu zangu. Nyumba tulizoacha kule Kivu ya Kusini wamelala wengine. Mbogo ndiye mali pekee waliyovuka nayo mpaka, na kwa kuwa ni mmoja na wao ni watatu, wanamgombania kila siku.

Sasa nieleze mila yetu moja, maana bila hiyo hutaelewa hasira yangu. Kwetu, milimani Itombwe, aliyeua mnyama mkubwa hali nyama yake. Hata kipande, hata mchuzi. Wazee walikataza mkono uliomwaga damu usirudi kwenye sufuria ile ile. Badala yake aliyeua anachinjiwa jogoo. Anapikiwa mzima, anawekewa kiti mbele ya watu, anakula peke yake, taratibu, huku kijiji kizima kikitafuna nyama ya porini na kumtazama. Hakuna heshima iliyozidi jogoo yule. Nimewahi kuona mzee mwenye wajukuu akimla huku machozi yanamtoka.

Siku mbogo huyu alipokufa, kijiji chote kilikula nyama isipokuwa mtu mmoja, na hakuna jogoo aliyechinjwa. Ukiwauliza hawa watatu kwa nini jogoo hakuchinjwa, Wilondja anakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kuombea, Ushindi anatafuta kiatu chake, na mume wangu anaingia ndani kuangalia kama chumvi ipo.

Basi. Kila siku ya soko Anselme hupeleka nyanya zangu Mbarara, kwa Haji Wahabu, mfanyabiashara mwenye hoteli ndogo ya chakula kule Kakoba. Haji ni mtu mwema, anayeswali kwa wakati na kupika pilau la kusifika. Waendesha boda boda wa mtaa mzima hula kwake. Na pale, jamani, ndipo mume wangu alipopata uhuru. Kabazana mbogo hugawanywa kwa watatu, lakini Kakoba alikuwa wake mzima, kuanzia pembe hadi kwato. Hakuna Wilondja wa kukohoa, hakuna Ushindi wa kubweka. Akajinunulia mkia machinjioni, akaukausha, akawa anasimulia huku akiupunga kufukuza nzi wa Haji.

Tatizo lilianza na swali la haki kabisa. Kijana mmoja wa boda alimuuliza, "Mzee, hiyo Itombwe iko wapi? Hiyo ni mbali sana. Mbogo ya huko sisi tutaijua namna gani?" Anselme akaona wasikilizaji wanarudi kwenye sahani zao. Safari iliyofuata, mbogo alikuwa ameshafika Bunagana, mpakani. Safari iliyofuata tena, alikuwa amevuka mpaka, bila kusajiliwa, bila kupigwa picha, bila kulala hata siku moja pale kituo cha mapokezi ambapo sisi tulikaa mpaka tukachakaa. Akaonekana Rugaaga akila migomba ya watu. Pembe zake nazo zikawa zinarefuka, kwa sababu watu wa Mbarara wamezoea ng'ombe wenye pembe ndefu na Anselme hakutaka mnyama wake adharauliwe. Mwishowe mbogo akaingia hifadhi ya Mburo, jirani tu na wasikilizaji, na akafa huko. Tena wiki iliyopita.

Haji Wahabu aliniambia baadaye kwamba alijaribu kumkanyaga mguu chini ya meza. Anselme akasogeza mguu.

Kwenye kona ya hoteli alikuwa amekaa mwanamke mmoja anayekula matoke kwa mchuzi wa karanga, kimya, amevaa gauni la kawaida. Alinawa mikono, akamwendea mume wangu kwa adabu zote.

"Mzee, hiyo mbogo uliipiga wiki gani?"

"Ile imepita," Anselme akajibu.

"Ulikuwa na nani?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angehisi kitu. Mume wangu alihisi heshima. Akasimama, akainua mkia juu, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Na nani tena, mama? Nilikuwa miye moja! Na huu mukono!"

Mwanamke yule alikuwa Mutesi, mkubwa wa askari wa wanyama, siku yake ya mapumziko. Na wiki ile ile mbogo alikuwa ameuawa ndani ya hifadhi.

Haji alinipigia simu nikiwa shambani. "Mama Grâce, wallahi kaa chini kwanza. Mume wako wamemshika. Amekubali kosa mbele ya watu wote, na mimi mwenyewe nilikuwa namimina chai." Nikakaa chini kwenye matuta yangu ya maharage. Nilijua sheria ya wanyama hapa haina mchezo, inafunga mtu miaka. Nilimwona Anselme na magoti yake yale, ambayo nayasugua kwa mafuta kila baridi ikija, akilala kwenye sakafu ya gereza kwa sababu ya mnyama aliyekufa Grâce akiwa bado tumboni. Nililia. Halafu nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisimamisha.

Nikafanya kosa. Niliwachukua Wilondja na Ushindi niende nao wakawe mashahidi. Nilidhani marafiki wakiona mwenzao ameshikwa watasema ukweli, kwamba mbogo ni wa Itombwe, ni wa zamani, na kwamba mume wangu hajawahi kuua kitu. Njia nzima niliwafundisha la kusema. Wakaitikia kwa vichwa kama watoto wa ubatizo.

Ofisini Mbarara tulimkuta Anselme kwenye benchi, hana mkanda, hana viatu, suruali ameishika kwa mkono mmoja. Mkia ulikuwa juu ya meza. Mutesi sasa alikuwa amevaa sare. Alinipa kiti, akaniita maama, akanieleza mambo yalivyo. Kesho mzee anapelekwa kortini. Ikiwa alidanganya, aseme sasa hivi kwamba alidanganya, na awepo mtu wa kueleza ukweli wote, naye atasikiliza.

"Umesikia, Papa Grâce," nikamwambia. "Sema ulikuwa unasema bongo, uongo tu, twende kwetu."

Anselme alinitazama. Kisha akawatazama wenzake wawili waliosimama mlangoni wakiwa wameshika kofia.

"Sina kintu ya kusema," akasema.

Nilitamani kuuchukua ule mkia nimchape nao. Mtu yuko radhi kufungwa akiwa mwindaji kuliko kulala kitandani kwake akiwa mwongo! Na bado nilimhurumia, maana nilijua anachokihesabu. Akisema neno lile, atarudi Kabazana akiwa na kadi, namba na turubai, basi.

Mutesi akageuka kwa mashahidi. "Nyinyi wazee munamjua huyu?"

Wilondja akasogea mbele. Nikamkazia macho kumkumbusha somo. Akafungua mikono kama yuko madhabahuni.

"Afande, huyu mutu tunamujua tangu utoto. Ni muwindaji ya kweli! Bantu kama huyu haiko mingi!"

"Wilondja!" nikasema.

"Niache nimalize, shemeki. Ni muwindaji ya kweli. Ila ile mbogo, afande, juu ya haki ya Mungu, ni miye niliiua. Mukuki ilikuwa yangu."

"Bongo!" Ushindi akaruka. "Bongo tupu! Imbwa yangu njo ilikimbiza ile nyama! Bila imbwa yangu ungeona nini? Afande, andika jina yangu. Ushindi. Andika muzuri."

"Mukuki bila muwindaji inatembea yenyewe?"

"Na imbwa bila mwenyewe je?"

Anselme alisimama, akasahau suruali, ikabidi aikamate tena. "Nyinyi bote munyamaze! Miye njo walinikamata! Miye njo niko bila viatu! Sasa munakuya kunipokonya hata hapa?"

Mutesi aliweka kalamu chini. Alitutazama sote kwa zamu, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea ndani ya ofisi yake mwenyewe.

"Banange," akasema. "Mimi miaka yote nakimbiza majangili kwa vichaka. Nawapata na nyama kwa kichwa, na bado wanakataa. Leo wamekuja wenyewe kwa ofisi, na wanapigania." Akaonyesha benchi. "Haya. Kaeni hapa na mwenzenu. Kesho mutaenda wote watatu."

Wilondja akakaa kwa fahari. Ilichukua muda kidogo ndipo uso wake ukaanza kubadilika. Ushindi yeye alielewa haraka zaidi, akauliza kama anaweza kwenda nje kukojoa.

Basi nikaona wanaume wa baraza langu wote wamekaa kwenye benchi moja, na mimi ndiye niliyewaleta wawili kwa nauli yangu. Nikajua hapa kuna kitu kimoja tu cha kuwaokoa. Nikasimama.

"Afande," nikasema, "kwetu kuna desturi." Nikamweleza habari ya nyama na jogoo, pole pole, kwa Kiswahili ambacho sote wawili tunakikopa kutoka kwa wengine. Alisikiliza vizuri. Halafu nikawageukia wa benchi.

"Papa Wilondja. Siku ya ile mbogo, ulikula?"

Wilondja alifungua mdomo, na mate yakamsaliti. "Shemeki, walinipa ulimi," akasema. "Ulimi yote! Na mafuta ya hapa kwa shingo. Tangu siku ile sijakula tena kintu ya namna ile." Kisha akasikia alichosema. Ndevu zikashuka kifuani.

"Papa Ushindi?"

"Kidogo tu."

"Ulikula mguu wa nyuma. Ukaumwa na tumbo, tukakutafutia majani."

"Ulikuwa mguu mudogo," Ushindi akasema.

Nikafika kwa mume wangu. Yeye sikumwita kwa sauti. "Papa Grâce. Ulikula?"

Aliangalia miguu yake isiyo na viatu. "Nilikula," akasema.

"Umeona, afande? Wote wamekula. Hakuna aliyeua hapa."

Nilidhani nimemaliza. Mutesi alikuwa akitabasamu kweli, lakini akatikisa kichwa. "Maama, hiyo ni nzuri, hata mimi nimeipenda. Lakini kula si ushahidi. Sheria haijui jogoo. Huyu mzee amesema aliua mbogo, hawa wamesema waliua mbogo. Basi mbogo ipo, na mtu aliiua. Nani? Ilikuwa wapi, na namna gani? Mtu mmoja aniambie yote, nipime kama inafanana na hii yangu."

Wilondja akaitazama dari. Ushindi akakagua kofia yake ndani na nje. Nami sikusema kitu.

Ningeweza kusema. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, limekaa humo tangu nikiwa bibi arusi. Mama mkwe alinishika mkono siku ile ile, mbele ya nyama, akanambia, "Nyamaza, mwanangu. Muke akikula jogoo ya muwindaji, bwana yake atakula nini mbele ya bantu?" Nikanyamaza. Nikasema tumbo linauma, nikalala bila kula, huku naisikia harufu ya nyama na nyimbo za wanaume. Tangu siku hiyo nimemimina chai kwa wauaji watatu, na sikuwahi hata mara moja kuwakatiza. Sasa nilichotaka ni kwamba aseme yeye. Acha niseme ukweli ulivyo: hata kama angelala ndani usiku ule, hata na magoti yake, nilitaka aseme yeye.

Anselme aliinua uso. Aliniona nimenyamaza, na akaijua sababu. Tumekaa pamoja muda mrefu, hatuhitaji kuambizana.

"Nilikuwa ku muti," akasema.

"Nini, mzee?" Mutesi akauliza.

"Afande, nilikuwa juu ya muti. Bote tulikuwa ku miti. Wilondja ku muti yake, Ushindi ku muti yake."

"Anselme, hapana," Wilondja akanong'ona.

"Ndiyo, Wilondja. Imetosha." Na akasimulia. Nimesikia mbogo yule akisimuliwa kwa mikono, kwa mabega, kwa kuruka na kuviringika chini. Siku ile ndiyo mara ya kwanza kuisikia hadithi yake bila mikono, labda kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika suruali.

Alisema ilikuwa Itombwe, zamani, wakati wa mvua. Mbwa wa Ushindi alikuwa mbele ya mbogo, ndiyo, lakini mbwa ndiye aliyekuwa anakimbizwa. Alikuja kujificha kwa bwana wake, huku mbogo akimfuata nyuma. Wilondja hakurusha mkuki, aliudondosha ili apate mikono miwili ya kupandia. Mbogo akapita chini yao, akateremka hadi kwenye kijito, pale wanawake walipokuwa wanalowesha mihogo. Akaingia kwenye shimo la mihogo, tope likamshika mpaka tumboni, akawa anapiga kelele na kujirusha, anakaribia kutoka.

"Na pale, afande, kulikuwa na mwanamuke mumoja. Alikuwa anatoa maganda ya mihogo. Benzake balikimbia. Yeye hangeweza kukimbia, wala kupanda muti, juu ya mimba. Alikuwa mukubwa hivi. Akaona ile mbogo inatoka kwa tope. Akaokota mukuki. Akasimama nyuma ya bega yake, akaiweka fasi yake, akaisukuma na uzito yake yote, ya yeye na ya mutoto. Mbogo ikaanguka. Siye tukashuka wakati ilikuwa imenyamaza."

Halafu uwindaji ukampanda tena, hakuweza kujizuia. "Lakini miye nilisaidia, afande. Kule juu nilikuwa nalalamika: Kushoto! Kushoto!"

"Ilikuwa kulia," nikasema.

Mutesi akageuka, akanitazama. Aliangalia mikono yangu, ambayo ilikuwa bado na udongo wa shamba kwenye kucha. "Maama. Ni wewe?"

"Ni miye," nikasema. Maneno mawili tu, na nilishangaa jinsi yalivyo mepesi baada ya kuyabeba vile. Machozi yakanitoka mbele ya askari, nikayaacha yatoke.

Mutesi aliunyanyua ule mkia, akaugeuza. "Na huu mkia ni wa ng'ombe," akasema. "Nilijua tangu hoteli."

"Ya mbogo hiyo!" Wilondja akasema, kwa mazoea tu. Ushindi akampiga kiwiko.

"Mbogo yangu ya Mburo ilikufa kwa mtego wa waya," Mutesi akaendelea. "Hapa nasikia mkuki, nasikia mihogo, nasikia miti mitatu. Haifanani." Akamrudishia Anselme mkanda na viatu. Anselme alipokuwa anafunga kamba za viatu, Mutesi akamwinamia na kusema, bila kucheka, "Mzee, nakuomba kitu kimoja. Hiyo mbogo yako irudi Congo. Ikionekana tena Uganda nitakukamata nayo."

"Itarudi, afande," Anselme akasema.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni Mutesi alipotuita. Akawauliza wanaume watatu, kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza juu ya mbogo: "Na jogoo? Huyu maama alipewa jogoo?" Ushindi alikuwa ameshika kofia mbele ya uso wake wote.

Kesho yake niliamshwa na vurugu uani. Wilondja alikuwa ameleta jogoo wake mwekundu, yule anayetembea Kabazana kama ndiye aliyetugawia mashamba, na kamba ilikuwa imekatika. Nikakaa mlangoni kuangalia uwindaji. Wilondja alisimama katikati akitoa amri. Ushindi alibweka, nadhani bila kujua, akateleza akaingia kwenye nyanya zangu. Anselme alimzunguka jogoo kwa nyuma, akainama, akanyemelea, akamkosa. Majirani walitoka na vikombe vyao vya uji. Jua lilikuwa limepanda vizuri jogoo alipochoka mwenyewe na kukaa chini ya turubai, na mume wangu akamchukua kwa mikono miwili, akihema, kana kwamba ametoka Itombwe kwa miguu.

Hakuniruhusu nishike kisu wala sufuria. Alichinja yeye, akanyonyoa yeye, akampika mzima kwa mawese na pilipili, akazidisha chumvi. Kisha akatoa kile kiti, kiti alichopandia siku ya panya, akakifuta kwa shati lake, akakiweka katikati ya baraza mbele ya watu wote.

"Viviane," akasema. Hakusema Mama Grâce. "Kaa."

Nikakaa. Akaniwekea sahani mapajani, akarudi nyuma, akasimama na wenzake wawili. Nilianza na paja. Sikuwahi kula kitu mbele ya watu wengi namna ile, wote wananitazama mdomo. Nilikula pole pole, jinsi nilivyowaona wazee wakila. Nilipofika kwenye kidari Wilondja akakohoa.

"Shemeki, hata shingo tu?"

"Ulikula ulimi," nikamwambia, na majirani wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji.

Mama mmoja jirani, aliyefika Kabazana juzi tu, akauliza hii ni sherehe ya nini. Nikamwona Anselme anavuta pumzi. Nikaona mikono inaanza kunyanyuka.

"Mama, ukae fasi hii nikuambie," akasema. "Siku ile, huyu muke yangu aliua mbogo. Yeye moja! Nilimuona na haya macho. Juu ya nini? Juu nilikuwa ku muti. Na ile muti, mama, haikuwa muti ya kuchezea. Ilikuwa murefu! Mwanaume wa kawaida hawezi kuipanda..."

Mti ukaanza kurefuka hapo hapo barazani, ukapita turubai. Ushindi akasema wake ulikuwa na miiba. Wilondja akasema wake ulikuwa na nyoka. Sikumkatiza mtu. Kinywa changu kilikuwa kimejaa.